Doa la Mgomba Ukutani

(Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya wasusi na wanafunzi wa sanaa)

Shikamooni mama zangu na baba zangu. Wadogo zangu, habari za mchana.

Nimeombwa nieleze ilikuwaje kazi yangu ya nyuzi za mgomba ikakubaliwa kwenye maonyesho ya sanaa kule Arusha. Nitaanza na doa, maana ndilo lililonifikisha hapa.

Aliyekulia kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, analijua. Unakata mgomba, utomvu unakurukia kwenye gauni, ukiutazama ni kama maji tu. Baadaye unageuka hudhurungi, na hapo hata ufue kwa sabuni gani, hautoki. Mama zetu walitukataza kukatia ng'ombe majani tukiwa na nguo ya kanisani. Mimi nikajiuliza: kitu kinachong'ang'ania nguo namna hii, mbona tunakifukuza badala ya kukitumia kama rangi?

Mgomba huzaa mara moja. Mkungu ukishakatwa, shina linapewa ng'ombe au linaachwa lioze liwe mbolea. Nyuzi zimo humo. Unabandua magamba moja moja. Ya nje yana nyuzi nene, yanafaa kamba. Ya ndani yanatoa uzi mwembamba unaong'aa kama hariri. Unalaza gamba juu ya ubao, unashika kisu butu, kwa sababu kikali kitakata uzi, kisha unakwangua. Ile nyama ya gamba inatoka kama uji, maji yanachuruzika hadi kwenye kiwiko. Uzi unaoshwa, unaanikwa kivulini. Gamba zima linakupa kishungi kidogo tu cha kujaza kiganja, na hapo ndipo utaelewa kwa nini sipendi kusikia mtu akiita kazi hii ya kupotezea muda.

Nilisuka kili, yaani mikanda mirefu ya nyuzi, nikazishona ukili kwa ukili kama mtu anayeshona mkeka, hadi nikafika mita 2 kwa mita 1.4. Halafu kila asubuhi nikawa napaka utomvu mbichi katikati, tabaka juu ya tabaka, mpaka likatokea doa kubwa lenye kingo kama za wingu.

Mara ya kwanza nilipoiomba nafasi kwenye maonyesho, kazi hii ilikataliwa. Iliniuma sana, lakini nilipoitazama tena picha niliyotuma nikaona sababu. Nilikuwa nimeitandika kwenye nyasi, nikapiga picha saa sita mchana. Waamuzi huona picha kabla ya kuona kazi, na picha ile ilionyesha mkeka uliotandikwa uani. Mwaka uliofuata niliitundika ukutani, nikapiga asubuhi mwanga ukitokea ubavuni, kila uzi ukaweka kivuli chake. Nikaongeza picha ya karibu kabisa, ukili mmoja tu.

Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kuandika mbinu. Mara ya kwanza nilijaza "mchanganyiko", neno lisilomwambia mtu chochote. Mara ya pili nikaandika: nyuzi za mgomba zilizokwanguliwa kwa mkono, ukili ulioshonwa, utomvu. Wadogo zangu, lugha yetu ina kuchana, kusokota, kusuka, kufuma, kushona, na kila neno ni kazi yake. Andikeni neno lenyewe. Chini yake nikaweka jina la mama mmoja wa Kibosho aliyekwangua nusu ya nyuzi zile.

Siku ya ufunguzi nilikwenda naye. Alipita kazi yenyewe, akaenda moja kwa moja kwenye kile kibao kidogo cha maelezo, akaligusa jina lake kwa kidole. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hata kukwangua wanaandika?" Nikamjibu, "Mama, bila kukwangua wangetundika nini?"

Wapo wanaodhani kazi ya nyuzi inaingizwa ukumbini kwa kuonewa huruma. Magdalena Abakanowicz, msanii wa Poland, alifumua kamba kuukuu za mkonge, akazitia rangi, akafuma maumbo makubwa kuliko mtu. Mwaka 1965 alipata medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa kule São Paulo, Brazil. Mkonge, jamani! Miaka hiyo hiyo sisi tulikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mkonge duniani, na ulikuwa ukiondoka bandari ya Tanga kama marobota. Jambo hilo linanikosesha usingizi mpaka leo.

Kuhusu kusafirisha nitasema kidogo. Msikunje, alama ya mkunjo haifutiki. Viringisheni kwenye bomba nene, uso ukiwa nje, katikati mkiweka kitambaa cha marekani kilichofuliwa kikaisha wanga. Na kazi ya nyuzi ikining'inia huvutwa na uzito wake. Yangu ilirefuka vidole viwili kwa wiki moja ya majaribio nyumbani. Nikashona mfuko nyuma, juu, upana mzima, nikapitisha ufito wa mwanzi ili uzito ugawanyike. Ijaribuni nyumbani kwanza, msiisubiri siku ya ukumbi.

Nimekuja na shina, limekatwa asubuhi hii. Ubao ule pale, visu butu vinne. Mama, karibu uanze wewe. Wenye nguo nyeupe, kanga za kujifunga ziko mlangoni.