Kibanda cha Marylebone Road na modeli zetu

Naona wengine mmeshaanza kutabasamu. Najua mnasema, "Huyu ataanza tena na dizeli." Ndiyo, naanza na dizeli, na huenda nikaishia humo humo.

Moshi wa London wa Desemba 1952 mnaujua, na sheria ya hewa safi ya 1956 mnaijua, naruka. Ule ulionekana, hadi makondakta wakashuka kuyatangulia mabasi na taa mkononi. Mimi nina ugomvi na nitrojeni dioksaidi, gesi ya moshi wa magari, hasa ya dizeli, ambayo huioni.

Pale Marylebone Road, barabara ya njia sita jijini London, kuna kibanda cha kupima hewa ukingoni kabisa. Ukipita haraka utadhani kioski kilichofungwa. Kinavuta hewa, kinaichanganya na ozoni, na nitriki oksaidi iliyomo inatoa mwanga hafifu mno ambao mtambo unaupima; dioksaidi yetu hugeuzwa kwanza kuwa hiyo. Saa baada ya saa, tangu 1997.

Lakini kibanda hakijui hewa ya uchochoro wa nyuma. Hapo tunaita modeli, yaani hesabu za kompyuta za kukadiria hewa pasipo na kipimo. Unaipa idadi ya magari, upepo, urefu wa majengo, na gesi inayotolewa na kila gari kwa kilomita. Hilo la mwisho ndilo lenye kidonda.

Tangu 2001 Uingereza ilipanga kodi ya magari mapya kwa kufuata kaboni, na dizeli ikanufaika. Viwango vya Ulaya navyo vikakazwa: kwa gari la dizeli, kiwango cha Yuro 5 kiliruhusu miligramu 180 za oksaidi za nitrojeni kwa kilomita, Yuro 6 miligramu 80. Tukaziingiza namba za kutumainisha, ramani zikatoka zinapendeza: mwakani nafuu, mwaka unaofuata nafuu zaidi. Kibanda kikagoma: vipimo vyake havikushuka kama ramani zilivyosema. Kuna mtu aliniambia, "Mtambo mbovu huo." Haya, na mitambo ya barabara nyingine nayo? Yote iharibike pamoja, tena kwa kuelemea upande mmoja?

Magari yalikuwa yakifaulu maabara, yakifika barabarani yanatoa gesi mara kadhaa zaidi. Septemba 2015 Volkswagen ikanaswa Marekani, na programu inayotambua kwamba gari linafanyiwa mtihani. Njia ya mwongo fupi, wanasema. Hii ilikuwa na kilomita nyingi. Wala msiwabebeshe hao peke yao. Magari ya wengine yalizidi bila hila ile, kwa sababu mtihani wenyewe ulikuwa mwepesi.

Novemba 2016 ClientEarth, shirika la wanasheria wa mazingira, likaishinda serikali ya Uingereza Mahakama Kuu katika kesi ya hewa chafu, na jaji akaona modeli ya serikali imejengwa juu ya matumaini yaliyozidi. Modeli kizimbani! Nilicheka, kisha nikanyamaza. Namba zile nami nilizitumia.

Mtu atasema, "Basi tuache modeli, tufunge vipimo kila nguzo." Vipo: vimrija vya plastiki vya urefu wa kidole, vinafungwa kwenye nguzo ya taa mwezi mzima, kisha vinapelekwa maabara. Rahisi, ila vinakupa wastani wa mwezi tu. Saa mbili asubuhi, watoto wakienda shule, havikwambii kitu. Tena kipimo gani kitapima hewa ya mwakani? Kabla ya Agosti 2023, tozo ya magari machafu ilipopanuliwa London nzima, mtu alilazimika kukisia kwanza, na hiyo ni kazi ya modeli.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Vumbi laini la hewani (PM2.5), haraka: England inalenga wastani wa mwaka wa mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo ifikapo 2040, Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2021 linasema 5. Na Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa Lewisham, London, aliyefariki kwa pumu 2013 akiwa na miaka 9. Desemba 2020 uchunguzi rasmi wa kifo ulitamka kuwa hewa chafu ilichangia. Huyo alistahili nusu saa yangu yote, na nimeimalizia kwenye dizeli. Mwenyekiti, niongeze dakika tano.