Mlingoti Ukianguka, Unaangukia Shamba la Nani?

(Mhadhara uliotolewa Nairobi, umeandikwa kama ulivyosemwa)

Asante, mwenyekiti. Umenitambulisha vizuri kuliko nilivyo, ila umesahau kuwaonya watu kwamba mhadhara huu baadhi yao wameshausikia. Naona nyuso tatu hapa mbele nilizoziona ukumbi mwingine mwaka jana. Poleni sana. Kahawa ya mapumziko ni nzuri, hamtatoka bure.

Nimepewa mada ndefu: maoni ya wananchi kuhusu kawi ya upepo, na namna ya kupunguza kutegemea mafuta ya nje. Ya mafuta mnayajua. Kila tarehe 14 watu wanangoja bei mpya kama wanaongoja matokeo ya mtihani. Oktoba 2023 lita ya petroli hapa Nairobi ilifika shilingi 217.36. Tangu kiwanda cha Changamwe, kule Mombasa, kiache kusafisha mafuta mwaka 2013, kila tone la petroli linatufikia likiwa limesafishwa kwingine, nasi tunalitafutia dola. Hapo siongezi. Aliyekuja hapa kwa matatu hahitaji kufundishwa.

Twende Ngong, maana ndio upepo wetu sisi watu wa Nairobi. Mitambo ya kwanza pale ililetwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji. Mwaka 2009 KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ikaweka mipya, megawati 5.1, kisha ikaendelea kuongeza hadi 25.5. Na maoni ya Nairobi kuhusu mitambo hiyo ni yapi? Picha! Jumapili vijana wanapanda mlima, wanalipa kiingilio, wanapiga picha mabawa yakiwa nyuma yao, wanashuka kula nyama. Ukimuuliza mtu wa Nairobi kama anaunga mkono upepo, atasema naam, tena sana. Bila shaka. Mlingoti hauko kwake.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Nimewahi kuitwa kwenye baraza moja; mahali sitapataja, na kampuni sitaitaja, kwa sababu wakili ninayeweza kumlipa bado hajazaliwa. Kampuni ilikuwa imekuja kuwaeleza wananchi uzuri wa upepo. Wakatundika shuka jeupe baina ya miti miwili, wakaleta mashine ya kurushia picha, na nyuma ya ofisi ya chifu wakawasha jenereta. Jenereta ya dizeli, ndugu zangu. Wamekuja kuuza upepo kwa dizeli.

Basi upepo wenyewe ukaja kujionea. Ulipiga lile shuka mpaka mtambo kwenye picha ukawa unainama na kuinuka kama mlevi anayetafuta mlango wake. Watoto walicheka, wazee wakajizuia. Mhandisi, kijana mzuri tu, mwenye adabu, alishika pindo la shuka kwa mkono mmoja na kipaza sauti kwa mkono wa pili akaendelea: megawati, kaboni, nafasi za kazi. Mara jenereta ikakohoa, ikazima. Dizeli imekwisha. Akatumwa mtu wa boda na jerikeni hadi mjini.

Dakika arubaini tulizongoja ile jerikeni ndizo zilizokuwa baraza. Kabla ya hapo ilikuwa sinema. Bila kipaza sauti watu walianza kuongea wenyewe. Mmoja akauliza kama ng'ombe watapita chini ya mitambo. Mwingine akauliza, mkataba ni wa miaka ishirini, na mimi nina sabini, nitauwekea sahihi kwa niaba ya nani? Halafu akasimama shosho mmoja, ana kitambaa cha njano kichwani, nusu eka yake imepakana na shamba lililokodishwa. Akauliza hivi: "Mlingoti ukianguka, unaangukia shamba la nani?"

Kijana akatabasamu. "Shosho, ule hauanguki. Umepimwa na wataalamu."

"Mwanangu, sijakuuliza kama unaanguka. Nimekuuliza ukianguka."

Kijana akarudi kwenye uwezekano: ni mdogo mno, hata radi ina nafasi kubwa zaidi ya kukupiga. Huyo shosho alikuwa amemzika ng'ombe aliyepigwa na radi, watu wote pale wanajua isipokuwa mgeni. Baraza likaguna. Yeye akaketi, akajifunika leso, na nikajua mradi umekufa, ingawa karatasi zake ziliishi miaka miwili zaidi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo huwa napandisha sauti na mke wangu hunikataza. Swali lile lilikuwa la vipimo. Chukua urefu wa mlingoti, ongeza urefu wa bawa, tembea umbali huo kutoka shinani kwenda kila upande. Ukikuta nyumba ya mtu, sogeza mlingoti. Kwingine umbali huo umeandikwa katika sheria, na mhandisi yeyote anaujua. Shosho alikuwa ameuliza swali la kihandisi kuliko mhandisi, naye akajibiwa kama mtoto anayeogopa giza. Jioni niliona ripoti. Imeandikwa: wenyeji wanahitaji kuhamasishwa zaidi.

Na mimi? Futikamba ilikuwa kwenye mkoba wangu. Ningeweza kusimama nikasema, twende tupime sasa hivi, shosho shika ncha hii. Sikusimama. Nilikuwa nalipwa kwa siku, na nilitaka niitwe tena. Sikuitwa.

Najua kuna anayesema moyoni: mzee, unaipenda hadithi, lakini wananchi nao wana uvumi mwingi, wanasema mitambo inakausha maziwa ya ng'ombe, inafukuza mvua. Kweli wanasema. Lakini uvumi huo hukaa pale ambapo jibu lilitakiwa kukaa. Mtu aliyepewa umbali kwa mita na pesa kwa tarehe hana haja kubwa ya kuzungumzia mvua. Na tena, sisi wa mjini ambao hatujawahi kuulizwa lolote kuhusu mafuta, tunapata wapi ujasiri wa kumcheka aliyeuliza kuhusu upepo?

Maana tofauti ya vitu hivi viwili ndiyo hii. Meli ya mafuta ikitia nanga Mombasa, haiombi idhini ya chifu. Mkataba wa kununua mafuta kwa mkopo kutoka Ghuba, ule wa serikali kwa serikali wa mwaka 2023, haukuletwa kwenye baraza lolote nilikokuwa. Mafuta yanaingia nchini kimyakimya kama mgeni wa usiku, asubuhi unakuta bili. Upepo hauwezi kufanya hivyo. Upepo unahitaji ardhi, na ardhi ya nchi hii ina mwenyewe, ina kaburi la babu yake, na ina kesi.

Utaniambia mafuta hayana jirani, ndiyo maana hayana kelele. Hayana jirani? Nenda Sinai, hapo Mukuru, si mbali na tulipokaa. Tarehe 12 Septemba 2011 mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba, yakaingia mtaroni, watu wakatoka na madebe, moto ukaja. Walikufa watu wapatao mia moja. Nenda Thange kule Makueni, uwaulize kuhusu maji ya mto wao baada ya bomba kuvuja mwaka 2015. Majirani wapo. Ni kwamba hakuna aliyewatundikia shuka jeupe akawaeleza.

Turudi kwenye upepo. Kinangop, kule Nyandarua, mradi wa megawati 60.8, pesa zimepatikana, mitambo imeagizwa. Mwaka 2015 watu waliandamana, kukawa na vurugu, mtu akapoteza maisha, na mwaka 2016 mradi ukafutwa. Kinangop ni mashamba madogo ya viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa. Majirani wanaonana madirishani. Kodi anapata mwenye shamba lenye mlingoti. Jirani aliye hatua mia moja anapata kivuli cha bawa na mlio. Halafu tukashangaa kwamba jirani ndiye aliyeandamana.

Kipeto, upande wa Kajiado, ni mitambo 60, megawati 100, inazalisha tangu 2021. Huko ardhi ni pana, hilo ni kweli, na mimi siwezi kusema Kinangop wangeiga tu yakaisha. Lakini mazungumzo yalifanywa na familia moja moja, wenye ardhi wanapata sehemu ya mapato, si kodi kavu tu, na kuna hazina ya jamii kwa wale wasio na mlingoti. Tena kuna watu wameajiriwa kukaa mlimani na darubini kuangalia tai. Tai akikaribia, mtambo unasimamishwa. Nilipowasimulia wenzangu hilo, mmoja alisema: kumbe tai wa Kajiado anasikilizwa kuliko shosho wako. Sikuwa na jibu.

Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana lazima niutaje, ingawa muda unakimbia. Kwanza jina linadanganya: mitambo yenyewe 365 iko ng'ambo ya mashariki ya ziwa, Loiyangalani, kaunti ya Marsabit. Megawati 310. Upepo pale unapita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu kama maji kwenye mfereji, na usiku ndio unazidi. Ardhi iliyotengwa ni ekari 150,000. Mitambo ilikwisha kusimama mwaka 2017, ikakaa bila kazi mpaka Septemba 2018 ikingoja nyaya za kwenda Suswa, kilomita zaidi ya 400, nasi tukalipa mabilioni kwa umeme ambao haukutufikia. Hayo mliyasoma. Lakini mwaka 2021 mahakama ya Meru ilisema hati za ardhi ile zilitolewa bila kufuata sheria. Wenyeji walikuwa wamekwenda mahakamani tangu 2014, kabla ya mtambo hata mmoja kuzunguka! Hakuna anayeweza kusema hawakutuambia.

Na huwa naulizwa, mbona kijiji kilicho chini ya mitambo kina giza? Sababu ni ya kiufundi na si ya kiufundi. Nyaya zile ni za kilovolti 400. Huwezi kudokoa hapo kama mtu anayedokoa bomba la maji. Unahitaji kituo cha kupooza umeme, na kituo ni ghali. Ni kama treni ya haraka, haisimami kila kijiji. Sawa. Lakini aliyechora njia ya treni alijua vijiji vipo. Gharama ya kuwapelekea wenyeji stima ingeingizwa kwenye hesabu siku ya kwanza, kama zilivyoingizwa barabara za kupitishia mabawa.

Mwenyekiti ananionyesha dakika tano. Basi nikimbie.

Wapo wanaosema kwamba upepo hautegemeki. Agosti 25 mwaka 2023 nchi karibu yote iliingia gizani, na kesho yake kila mtu alikuwa ameshakuwa mtaalamu wa upepo. Mimi nakumbuka mwaka 2000, mvua ilipokosa, mabwawa yakakauka, tukapewa stima kwa zamu, tukakodi jenereta za dizeli. Mvua nayo hukosa, na hatukuacha mabwawa. Ongeza mvuke wa ardhini wa Olkaria, ongeza nyaya, ongeza betri kubwa. Tuendelee.

Wapo pia wanaosema kwamba upepo utatuondolea mafuta. Hapa niwaudhi marafiki zangu wa mazingira. Haujatuondolea, na peke yake hautatuondolea. Umeme wetu karibu sehemu tisa kwa kumi hautokani na mafuta. Mafuta yetu yanachomwa Mombasa Road na Thika Road. Unaweza kujaza Marsabit yote milingoti na lita ya petroli isipungue, mpaka matatu na boda ziingie kwenye stima. Na saa ya kuzichaji ni usiku, kwa sababu usiku wa manane matumizi ya nchi yanashuka hadi karibu nusu ya yale ya jioni, na Turkana ndipo inapovuma. Upepo wa saa nane usiku hauna mnunuzi. Betri ya boda ingeununua. Mabasi ya umeme tumeanza kuyaona mjini tangu 2022, boda za kubadilisha betri zipo, bei ya kuchaji usiku imepunguzwa. Hili lilistahili mhadhara wake na nimelipatia dakika moja, lawama ni yangu na ya shosho.

Nilikuwa na jambo kuhusu makaa ya mawe ya Lamu, na jingine kuhusu gesi ya kupikia. Yaacheni. Yule ndugu wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja Sinai, mpeni kipaza sauti. Na kama swali lako ni la mita, nina futikamba hapa. Siku hizi sitembei bila hiyo.