Sambaza, ng'ombe na namba za maprofesa

Wandugu, na ninyi wazee wangu mlioketi mbele, jambo yenu wote. Jana kijana mmoja wa hapa Bukavu aliniuliza: "Profesa, yule wa biolojia ana h 40, huyu wa hesabu ana 9. Mkubwa ni nani?" Nikamrudishia swali. Muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kule mtaani Kadutu ana vichwa elfu mbili kwenye beseni, jirani yake ana ng'ombe watatu. Kwa vichwa, tajiri ni nani?

Hiyo h, namba ya kumpima mtafiti kwa makala zake na mara zinavyotajwa na wenzake, aliibuni Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, mwaka 2005. Kuihesabu ni kazi ya kalamu tu. Panga makala zako, iliyotajwa sana na wenzako itangulie, kisha shuka nazo, ukisonga maadamu mara za kutajwa hazipungui nafasi ya makala kwenye orodha. Ya tano imetajwa mara 8? Songa. Ya sita mara 6? Songa. Ya saba mara 4? Simama hapo: h yako ni 6. Hata kama ile ya kwanza imetajwa mara elfu kumi, ni 6 tu. Na haishuki. Mzee anaweza kulala miaka kumi, namba ikaendelea kupanda bila yeye.

Hirsch mwenyewe aliona kwamba watu wa biolojia wanawapita wanafizikia mbali. Sababu si akili. Makala ya biolojia hubeba orodha ndefu ya marejeo, ya hesabu hubeba fupi, na marejeo yangu ndiyo kutajwa kwako. Halafu kuna wingi wa mikono. Mwaka 2015 makala moja ya CERN, ile maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ilikuwa na waandishi zaidi ya 5,000: kurasa 33, na 24 kati ya hizo ni majina na taasisi! Kila mmoja wao anajihesabia makala nzima.

Sasa mtazameni Grigori Perelman, mwanahesabu Mrusi. Mwaka 2002 na 2003 aliweka mtandaoni maandiko matatu, hakuyapeleka kwenye jarida lolote, na dhana ya Poincaré, fumbo la hesabu lililosumbua watu tangu 1904, ikathibitishwa. Kwa maandiko hayo, h yake haiwezi kuzidi 3.

Na anayechunguza maporomoko ya udongo ya mitaa yetu, akaandika kwa Kifaransa katika jarida ambalo hazina kubwa za data, zile zinazohesabu kutajwa, hazilisomi? Wanaomtaja wapo, ila mashine haiwaoni. Hilo linaniudhi kuliko yote.

Njia ya haki zaidi ipo: gawa idadi ya kutajwa kwa wastani wa fani ileile, mwaka uleule. Tuseme makala ya hesabu imetajwa mara 12 na wastani wa fani yake ni 4. Ya biolojia mara 40, wastani wake 40. Kijana wa jana namwona pale dirishani. Chukua chaki, baba, njoo utufanyie ubaoni.