Al-Risalah: nani anaibeba Sira wakati Mtume haonekani?

BI ZUHURA: Assalamu alaykum, wasikilizaji wetu. Leo tunaizungumzia filamu ya mwaka 1976 juu ya Sira, yaani maisha ya Mtume Muhammad (S.A.W.), iliyoongozwa na Moustapha Akkad, Msyria aliyehamia Marekani. Kwa Kiarabu inaitwa Al-Risalah na kwa Kiingereza The Message, nazo ni filamu mbili kamili, si moja iliyotiwa sauti ya lugha nyingine. Maalim Juma, ilitengenezwaje?

MAALIM JUMA: Waalaykumu salaam, Bi Zuhura. Kundi moja la waigizaji lilicheza tukio kwa Kiingereza, kisha kundi jingine likaja palepale kulicheza kwa Kiarabu. Kwa hiyo Hamza, ami yake Mtume, tunao wawili, Anthony Quinn na Mmisri Abdullah Gaith, na Hind, mke wa Abu Sufyan kiongozi wa Makureshi waliompinga Mtume, tunao wawili, Mgiriki Irene Papas na Msyria Muna Wassef. Kazi ilianzia Morocco, ambako Makka ya filamu ilijengwa, lakini Saudi Arabia ilishinikiza hadi Mfalme Hassan II akaisimamisha, ndipo Akkad akahamia Libya kwa msaada wa Gaddafi.

BI ZUHURA: Maulamaa nao hawakuwa na kauli moja. Maandishi ya mwanzo wa filamu yanasema kwamba usahihi wake umeidhinishwa na wanazuoni wa Al-Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Kairo, na baraza la Mashia la Lebanon, ilhali Rabita, jumuiya ya Waislamu wa dunia yenye makao Makka, iliikataa. Kibaya zaidi, uvumi ulienea kwamba Quinn anamwigiza Mtume mwenyewe. Mnamo Machi 1977 watu wenye silaha waliteka majengo matatu mjini Washington, na kuondolewa kwa filamu hiyo kulikuwa miongoni mwa madai yao. Mwandishi wa habari kijana aliuawa. Huniuma sana, kwa sababu Akkad alikuwa amefanya kinyume cha uvumi ule: Mtume haonekani wala sauti yake haisikiki, wake zake na makhalifa wanne hawaonekani pia, na waigizaji wanaozungumza naye huitazama kamera.

MAALIM JUMA: Heshima ile naikubali kwa moyo wote. Ninalotaka tulione ni kwamba iliipanga upya historia. Ukiwaondoa Abu Bakr, Umar, Uthman na Ali machoni pa mtazamaji, uzito wa matendo yao lazima umwangukie mtu mwingine, na katika filamu hii unamwangukia Hamza, ambaye aliuawa katika Vita vya Uhud mwaka 625, miaka saba kabla ya kufariki kwa Mtume. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, filamu hupungua nguvu baada ya Uhud. Tazama pia pambano la kufungulia Vita vya Badr, ambapo Hamza na Ubayda bin al-Harith wanaonekana kwa nyuso zao, lakini Ali anawakilishwa na upanga wa Dhulfiqar wenye ncha mbili. Kwa mujibu wa mapokezi, Dhulfiqar ilipatikana katika ngawira za Badr yenyewe. Haiwezekani Ali awe ameishika kabla vita havijapiganwa!

BI ZUHURA: Kosa hilo naweza kulisamehe, kwa kuwa mtazamaji alihitaji alama ya kumtambua Ali. Nisilolisamehe ni lile la Hind. Ibn Ishaq, mwandishi wa kale wa Sira ambaye kitabu chake kimetufikia kupitia kwa Ibn Hisham, anasema Wahshi, aliyemuua Hamza, alikuwa mtumwa wa Jubayr bin Mut'im, na kwamba Jubayr ndiye aliyemwahidi uhuru akimuua Hamza, ili kulipiza kisasi cha ami yake Tu'ayma aliyeuawa Badr. Hind alimchochea, hilo limo, lakini ahadi ya uhuru haikuwa yake kuitoa. Filamu inaiweka ahadi hiyo mdomoni mwake, ikaongeza na mali, hata mtu akamaliza kutazama bila kujua kwamba Jubayr alihusika.

MAALIM JUMA: Na hapo hakukuwa na kizuizi chochote, kwani Jubayr si miongoni mwa wale waliokatazwa kuonyeshwa.

BI ZUHURA: Ndivyo hasa. Ulikuwa uamuzi wa mtunzi aliyetaka adui mmoja mwenye sura, na gharama yake imelipwa na mwanamke. Nalisema hili nikimkumbuka Khadija, mke wa Mtume na mtu wa kwanza kumwamini Mtume, aliyemtuliza siku aliyoteremka kutoka pango la Hira baada ya wahyi wa kwanza, naye kwenye filamu hana sura. Anayebaki kuwawakilisha wanawake waumini kwa nguvu ni Sumayya, ambaye anauawa mapema, kisha kwa saa nzima na zaidi tunabaki na hasira ya Hind.

MAALIM JUMA: Hata hivyo, mkutano wa Waislamu waliokimbilia Habasha na Najashi, mfalme wa huko, aliyeigizwa na Earl Cameron, naupenda kuliko sehemu zote. Ja'far, binamu yake Mtume, anamsomea aya za Sura Maryam, na mazungumzo yanafuata Sira kwa ukaribu mkubwa. Waandishi walikuwa na matini nzuri mkononi, wakaiacha iseme yenyewe.

BI ZUHURA: Je, ungeionyesha darasani kwako?

MAALIM JUMA: Ningeionyesha, kwa Kiarabu, maana Gaith na Muna Wassef wananigusa zaidi. Ila kabla ya kufika Uhud ningeisimamisha, niwasomee wanafunzi habari ya Jubayr kutoka kwa Ibn Hisham, ndipo tuendelee.