Pale Kaunta ya Kituo

Maafande, wenzetu wa magereza na makarani wa mahakama, hamjambo.

Leo tukae sana pale kaunta, kwa sababu hapo ndipo mgonjwa wa akili anapogeuzwa mshtakiwa. Kijana ameletwa usiku, mikono imefungwa kamba, mama analia, jirani anadai madirisha yake yamevunjwa. Askari wa zamu anafungua OB, kitabu cha matukio cha kituo. Aandike uharibifu wa mali, au mgonjwa wa kupelekwa hospitali? Atakachoandika kitamfuata kijana hadi kortini.

Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ya 1989, kifungu cha 16, inampa mkuu wa kituo, hata chifu, mamlaka ya kumchukua mtu kama huyu, na inataka afikishwe hospitali ndani ya saa 24 au muda unaofaa. Seli si mahali pa kumngojea atulie.

Basi azungumze naye askari mmoja tu. Wengine warudi nyuma, redio ipunguzwe sauti. Muite kwa jina lake. Sema maneno machache, halafu subiri. Anayesikia sauti kichwani huchelewa kukujibu. Usibishane naye juu ya anachokiona, wala usijifanye unakiona. Mgeukie mama: anatumia dawa? Ameziacha lini? Ana kifafa, ana kisukari? Aliyetoka kuanguka kifafa huwa hajitambui kwa muda, na ukimkamata kwa nguvu atapigana bila kujua. Sukari ikishuka mno mtu hupepesuka na kufoka, utadhani amelewa. Huyo ukimfungia alale pombe imtoke, anaweza kufa kabla ya asubuhi.

Kuna aliyejaribu kujiua pia. Zamani alikabiliwa na kifungo cha hadi miaka miwili. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, nami nilifurahi mno. Muulize waziwazi kama bado anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Na mahabusu yeyote mwenye dalili za kutaka kujiua msimwache peke yake, hata mkishamvua mkanda na kamba za viatu. Saa za mwanzo ndizo za hatari zaidi.

Asubuhi moja ya mafunzo haitoshi. Polisi wa Memphis, Marekani, walioanza mafunzo haya mwaka 1988 baada ya askari kumuua kwa risasi mgonjwa aliyeshika kisu, huwapa maafisa wao saa 40. Tuwadai wakubwa wetu muda kama huo. Kwa leo, baada ya chai tutaigiza: nataka askari wawili wa kaunta, na mmoja ajitolee kuwa mgonjwa.