Kaseti Imejaa

SHABANI: Haya, tumeanza. Shemeji, mbona sauti imekauka hivyo?

MWANAISHA: Imeniacha tangu Jumamosi. Leo ongea wewe, mimi nitaitikia tu.

SHABANI: Hilo halijawahi kutokea tangu tuanze hiki kipindi.

MWANAISHA: Basi ndiyo ujue nimetoka wapi.

SHABANI: Waliotusikiliza wiki jana wanakumbuka uliaga kwa mbwembwe. Unakwenda milimani na karavani, kile kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, na ukirudi utatupa mambo sita ya kuzingatia ukisafiri na watoto wadogo. Mimi nimeshachora daftari hapa, moja mpaka sita, mbele patupu. Nangoja.

MWANAISHA: Yapo. Yote sita yapo kichwani. Lakini kwanza nikwambie habari ya kaseti.

SHABANI: Kaseti? Mlikuwa na kaseti?

MWANAISHA: Sikiliza. Karavani tuliazimwa na mtu wa kazini kwa Baba Kidawa. Siku ya kuichukua, yule bwana anatuonyesha hiki na kile, mara anasema, "Na kaseti mtaikuta huku nyuma." Kaka yako akafurahi! Njia nzima ya kurudi nyumbani ananiambia, unaona, wazungu wanatunza vitu, gari la zamani hivyo bado lina kaseti. Akaanza kutafuta kwenye masanduku kama zile taarab za mama zipo.

SHABANI: Za mama ziko huku Tanga, kwenye kopo la biskuti. Asihangaike.

MWANAISHA: Kumbe kaseti ni choo.

SHABANI: Ni nini?

MWANAISHA: Choo, shemeji. Choo cha karavani hakina shimo wala bomba la kwenda popote. Chini yake kuna tangi la plastiki, bapa, kama lita 18 hivi, na lina mpini kama begi la safari. Hilo tangi ndilo linaitwa kaseti. Unatia dawa ya bluu, mnatumia, likijaa taa nyekundu inawaka. Unatoka nje, unafungua kijimlango ubavuni, unalichomoa, unaliburuta mpaka mahali pa kumwagia.

SHABANI: (anacheka) Side A imeisha, geuza side B.

MWANAISHA: Ukigeuza side B umekwisha.

SHABANI: Haya, na mvua je? Maana picha ulizotuma kwenye grupu la familia ni kioo kina jasho tu. Picha kumi na moja, zote kioo.

MWANAISHA: Ndiyo mandhari yenyewe hayo. Tulikuwa karibu na mji wa Keswick, kule Lake District, milimani kaskazini magharibi mwa Uingereza. Jirani yetu, mzee mmoja amevaa kaptula kwenye ile baridi, akaniambia kwa fahari kabisa kwamba bonde la pale nyuma lina kijiji kinaitwa Seathwaite, na ndicho kinachonyeshewa kuliko vijiji vyote vya Uingereza. Zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka.

SHABANI: Sisi Tanga na masika yetu hatufiki nusu ya hiyo. Sasa mtu unajua hivyo halafu unakwenda?

MWANAISHA: Nilijua baada ya kufika! Tulitoka nyumbani Leicester Ijumaa mchana. Ukivuta karavani sheria haikuruhusu kupita maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu, na ile njia ya kulia kabisa huigusi. Kwa hiyo unakaa kushoto na malori, nayo yanakupita yanakumwagia maji. Safari ya saa nne tukaenda saa sita na nusu. Sudi akatapika mara mbili, kila mara kwenye kiti cha dada yake.

SHABANI: Jambo la kwanza hilo? Niandike?

MWANAISHA: Hapana, hilo ni Sudi tu. Tumefika, giza linaingia, mvua imetulia palepale haiongezeki haipungui. Si mvua ya kwetu ile inayokuja na kelele, inapiga bati, ikimaliza inaondoka. Hii ni kama mgeni aliyekuja na begi.

SHABANI: Rasharasha?

MWANAISHA: Rasharasha inalowesha kanga. Hii ililowesha godoro, na sijui ilipita wapi. Sasa tumeingia ndani, watoto wanatetemeka, nikawasha hita, nikawasha na birika la chai. Tap! Giza. Kumbe kile kiwanja cha kuegesha karavani kinatoa umeme wa ampea 10 tu kwa kila karavani, na hita na birika kwa pamoja vinataka zaidi ya hizo. Kidawa gizani anauliza, "Mama, tuko Tanga?"

SHABANI: (anacheka) Mtoto ana adabu mbaya. Ana akili, lakini ana adabu mbaya.

MWANAISHA: Ikabidi nichague, chai au joto. Tukanywa chai tumejifunika mablanketi.

SHABANI: Rudi kwenye kaseti.

MWANAISHA: Nilijua utarudi huko.

SHABANI: Wasikilizaji wanataka kujua. Nani alikuwa anaimwaga?

MWANAISHA: Sasa ndiyo ujue mvua na kaseti ni ndugu. Jumamosi watoto wamefungiwa ndani, Kidawa ana miaka sita, anachora, anasoma, anajisimulia. Sudi ana mitatu. Sudi amegundua kwamba choo kina kitufe, ukibonyeza maji yanazunguka. Basi huo ndio ukawa mchezo. Anaingia, anabonyeza, anatoka. Anaingia, anabonyeza, anatoka. Na yale maji yote yanakwenda wapi? Kwenye kaseti. Saa nne asubuhi taa nyekundu. Saa nane mchana taa nyekundu.

SHABANI: Lo! Na ni maji matupu.

MWANAISHA: Si matupu sana. Mara ya kwanza Baba Kidawa alikwenda kwa furaha, amevaa koti la mvua, anapiga mluzi. Hakuambiwa kwamba wakati wa kumwaga kuna kitufe nyuma ya mpini lazima ukibonyeze hewa iingie. Bila hivyo yanatoka kwa kukoroma, gulu, gulu, gulu, halafu yanaruka. Amerudi suruali ina madoa ya bluu mpaka gotini. Amesimama mlangoni, mvua inamnyeshea, hasemi kitu. Nikamwambia, "Kwani kaseti imekwama?" Hakucheka.

SHABANI: Ningekuwa mimi ningecheka wiki ijayo.

MWANAISHA: Bado hajacheka.

SHABANI: Lakini kaseti ikikwama si unajua dawa yake? Redio ikimeza utepe, unachomoa taratibu, unachukua penseli, unaichomeka kwenye kile kitundu, unazungusha. Mama alikuwa na penseli yake maalumu, hatukuruhusiwa kuandikia.

MWANAISHA: Shemeji, nyamaza. Unajua Jumamosi mchana tulikimbilia wapi?

SHABANI: Wapi?

MWANAISHA: Makumbusho ya penseli.

SHABANI: Acha uongo.

MWANAISHA: Wallahi. Keswick pana makumbusho ya penseli. Kila familia iliyolowa kaskazini mwa Uingereza ilikuwa mle ndani, madirisha yamefanya ukungu, harufu ya soksi. Madini ya penseli yaligunduliwa palepale jirani, bonde la Borrowdale, miaka ya 1500, na wachungaji walikuwa wanayatumia kutia alama kondoo. Kidawa akalishika hilo. Tangu hapo kila kondoo tunayempita anataka tusimame amsome.

SHABANI: Amsome!

MWANAISHA: Na mle ndani kuna penseli moja ya manjano, ndefu karibu mita 8. Imelazwa kule, watu wanapiga nayo picha.

SHABANI: Hiyo ndiyo penseli ya kaseti yenu.

MWANAISHA: (anacheka, anakohoa) Usinichekeshe, koo linauma.

SHABANI: Mnaichomeka, kaka anazungusha upande huu, wewe upande ule...

MWANAISHA: Basi, basi. Daftari lako lina nini mpaka sasa?

SHABANI: Moja, patupu. Mbili, patupu. Lakini shemeji, kabla ya hizo namba nikuulize kitu. Usikasirike.

MWANAISHA: Ukianza hivyo nitakasirika.

SHABANI: Jumamosi ile kwa nini hamkurudi nyumbani?

MWANAISHA: Kwa nini turudi?

SHABANI: Maana kaka alinipigia. Jumamosi usiku, yuko ndani ya gari, nasikia mvua inavyopiga. Tumeongea kama dakika arobaini.

MWANAISHA: Jumamosi usiku? Saa ngapi?

SHABANI: Huku ilikuwa imepita saa sita. Kwenu huko saa nne na kitu.

MWANAISHA: Aliniambia anakwenda kumwaga kaseti!

SHABANI: (kimya) Basi labda aliimwaga pia.

MWANAISHA: Dakika arobaini! Nikasema masikini, foleni. Alikwambia nini?

SHABANI: Alisema asubuhi ile alitaka mfunge virago, wewe ukakataa. Na mimi kusema kweli niko upande wake. Mtoto ametapika, godoro limelowa, mtu mzima ana dawa ya choo miguuni. Unarudi nyumbani, watoto wanalala pakavu. Kuna aibu gani?

MWANAISHA: Kidawa aliahidiwa usiku mbili. Ahadi ni deni.

SHABANI: Deni la mtoto wa miaka sita linalipwa kwa aiskrimu.

MWANAISHA: Unaona? Ndivyo mnavyofanya. Akikua na yeye atawalipa watu aiskrimu.

SHABANI: Sawa, niambie ukweli. Ni pesa. Mlishalipa kiwanja, ukaona bora mlowe kuliko zipotee.

MWANAISHA: Pauni 58, shemeji. Mafuta ya gari yalikuwa zaidi ya hizo. Si pesa, na usirudie.

SHABANI: Basi ni nini? Maana nje hamtoki, ndani hampumui.

MWANAISHA: Tulitoka. Jumapili niliwavalisha mabuti na makoti, wakakaa kwenye dimbwi saa nzima, Sudi amekaa chini kabisa kama yuko bafuni.

SHABANI: Baridi ile! Ndiyo maana kifua.

MWANAISHA: Hawana kifua. Mwenye kifua ni mimi. Shemeji, nikuulize, tangu tuoane na kaka yako umewahi kusikia tumesafiri bila sababu? Tukienda London ni harusi. Tukienda Birmingham ni msiba. Tukija Tanga ni mgonjwa, na nusu ya mzigo si wetu. Hii ndiyo mara ya kwanza tumekwenda mahali hatungojewi na mtu. Halafu tukimbie asubuhi ya kwanza?

SHABANI: Nakuelewa. Lakini kaka alikuwa amechoka, na yeye pia alikuwa likizo. Kwa nini likizo yako ihesabiwe, yake isihesabiwe?

MWANAISHA: Angesema.

SHABANI: Alisema! Asubuhi alisema, ukamwambia "tungoje kidogo."

MWANAISHA: Na tukangoja, na Jumapili mawingu yakafunguka. Nusu saa nzima tukaona mlima mbele yetu, Skiddaw, mita 931, tulikuwa tumelala miguuni pake siku mbili hatujui kama upo.

SHABANI: Nusu saa, shemeji. Kwa siku tatu.

MWANAISHA: Nusu saa.

SHABANI: Na watoto waliuangalia huo mlima?

MWANAISHA: ...Walikuwa wanaangalia kondoo.

SHABANI: Mimi nimenyamaza.

MWANAISHA: Usinyamaze hivyo. Ningerudi tena nifanye vilevile.

SHABANI: Na mimi ningeondoka Jumamosi kabla ya chai.

MWANAISHA: Chai yenyewe huijui, hita au birika.

SHABANI: Haya. Jamani, bando langu limeanza kunitumia ujumbe, na kwa adhana hii nina kama dakika tatu. Mambo sita. Upesi.

MWANAISHA: La kwanza, taulo. Hesabu unazodhani zitatosha, zidisha mara mbili, halafu ongeza moja ya mlangoni. Zisikae ndani ya karavani, zikae kwenye gari, maana ndani kila kitu kinavuta unyevu, mpaka chumvi ilishikana ikawa donge. La pili...

(Sauti ya mtoto.)

MWANAISHA: Sudi, mama anarekodi. Subiri kidogo.

SHABANI: Anasemaje?

MWANAISHA: Anataka kaseti.

SHABANI: Kaseti gani, si mko nyumbani?

MWANAISHA: Ndivyo anavyoita choo sasa. Hata shule ya chekechea jana mwalimu aliniuliza kama mtoto anapenda muziki wa zamani. Ngoja nimpeleke, huyu hangoji.

SHABANI: Na la pili?

MWANAISHA: (kwa mbali) Na kaka yako mwambie nimejua!

SHABANI: Amekwenda. Wasikilizaji, daftari langu linasema hivi: moja, taulo. Wiki ijayo Mwanaisha aki