Wi-Fi Ipo Lakini Intaneti Haipatikani: Namna ya Kuisaka Kasoro

Karibu, mtazamaji. Video hii inahusu tatizo moja tu: kompyuta inaonyesha kwamba imeunganishwa kwenye Wi-Fi, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Kabla ya lolote, naomba usiguse kile kitufe kilichofichwa nyuma ya ruta, kinachobonyezwa kwa ncha ya pini, kwa maana kinafuta mipangilio yote, yakiwamo majina na nywila za huduma, na asiyekuwa na kumbukumbu ya hayo hujikuta ana matatizo mawili badala ya moja.

Kwanza, chukua simu, zima data zake, iunganishe kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, kisha jaribu kufungua ukurasa ambao hujaufungua karibuni. Kuzima data ni jambo linalosahaulika mno. Usipozizima, simu itapitia mnarani, nawe utaamini kwamba ruta ni nzima. Simu ikifaulu, kasoro iko upande wa kompyuta. Ikishindwa, chomoa modemu (kifaa kinachopokea intaneti kutoka kwa mtoa huduma) na ruta kwenye umeme, subiri nusu dakika, washa modemu kwanza, na taa zake zikishatulia ndipo uwashe ruta.

Tatizo likiendelea, unganisha kompyuta na ruta kwa kebo ya mtandao, kwenye mojawapo ya matundu yaliyoandikwa LAN, ili tuiweke Wi-Fi kando kwa muda. Itazame kebo hiyo kwa karibu kabla ya kuichomeka. Ndani ya kichwa chake cha plastiki utaona nyaya 8 za rangi mbalimbali zilizolala sambamba, na kila moja inapaswa kufika hadi chini ya kijino chake cha chuma. Klipu ikiwa imevunjika, kichwa kitaingia vizuri lakini kitachomoka kidogo kidogo kila meza inapotikiswa. Waya mmoja kukatika hakuui mawasiliano lazima: kasi ya Mbps (megabiti kwa sekunde) 1,000 inahitaji nyaya zote 8, ilhali ile ya Mbps 100 hutosheka na 4, kwa hiyo kompyuta iliyoshuka ghafla hadi 100 huwa, mara nyingi, na kebo mbovu.

Sasa, kwa wanaotumia Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Katika dirisha jeusi linalofunguka, andika ipconfig. Anwani ya kompyuta, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, ikianza na 192.168, kama ilivyo katika nyumba nyingi, hapo pako salama. Ikianza na 169.254, maana yake ni kwamba kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikaamua kujipangia yenyewe, na kwa anwani hiyo haitatoka nje ya nyumba. Andika ipconfig /renew ili iombe upya. Ikirudi na 169.254 ilhali kebo ni nzima, ingia kwenye mipangilio ya ruta uhakikishe kwamba DHCP, yaani huduma inayogawa anwani, haijazimwa.

Kama anwani ni sahihi, tazama mstari wa mwisho wa sehemu ulikoikuta anwani hiyo, ulio na anwani ya ruta, kwa mfano 192.168.1.1. Andika ping, amri inayotuma ujumbe mfupi na kungoja jibu, acha nafasi, kisha andika anwani hiyo ya ruta. Yatakuja majibu 4, nayo uyasome neno kwa neno badala ya kutazama jumla iliyo chini. Windows huweza kuandika kwamba majibu yote yamepokelewa hata pale ambapo aliyejibu ni kompyuta yako yenyewe, ikikuarifu kwamba ruta haifikiki. Anwani iliyo mwanzoni mwa kila jibu lazima iwe ya ruta.

Ruta ikijibu, andika ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo nje kabisa ya nyumba yako. Ikijibu hiyo nayo, ilhali ping google.com inashindwa, basi njia iko wazi na kilichoharibika ni DNS, lile daftari linalogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Andika ipconfig /flushdns ili kufuta kumbukumbu za zamani, na isipofaa, badilisha seva ya DNS katika mipangilio ya mtandao uweke 8.8.8.8 au 1.1.1.1.

Ikiwa yote yanafaulu kwa kebo lakini yanasuasua kwa Wi-Fi, sogeza ruta mbali na oveni ya maikrowevu, kisha ujaribu masafa ya GHz 5, yenye kasi zaidi ingawa hupenya kuta kwa shida. Ukibaki kwenye GHz 2.4, chagua chaneli ya 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani.

Ruta ikijibu lakini 8.8.8.8 ikawa kimya hata kwa kebo, wapigie watoa huduma na uwasomee majibu uliyoyapata, ili wasikurudishe kwenye kuzima na kuwasha ruta.